Fardi ya Tatu

Jumamosi. Mvua ya Bukavu haijaamua:
inagonga bati, inaacha, inarudi kama mdai.
Nimevuta kitanda katikati ya chumba,
mbali na ukuta ule unaokunywa maji ya mlima,
na juu yake nimemwaga mwaka mzima.

Kaye kumi na nne. Biki nane, mbili ndizo zinazoandika.
Buletini za ile shule ya kule juu
tuliyoiacha deni lilipotushinda mwendo.
Risiti ya minervali, nusu imeliwa na panya;
hata yeye aliona tarakimu zile zimenona.
Tangu hapo darasa ni hapa, saa mbili asubuhi,
na kengele ni kijiko juu ya bakuli.

Baba yao, kutoka machimboni, alipiga simu:
"Panga makaratasi. Siku mkaguzi akiuliza,
wewe nyamaza, makaratasi yatajibu."
Simu ikakatika kabla sijamuuliza
makaratasi yenyewe yajibu kwa lugha gani.

Basi napanga.
Hesabu huku. Kifaransa huku. Imla chini ya tofali,
maana upepo wa dirisha hili ni msomaji mwenye haraka.
Ramani niliyoichora nyuma ya kalenda ya parokia:
ziwa limetoka kubwa mno, Idjwi imekuwa kiatu,
lakini watoto wamelijua ziwa kwa kiatu hicho.
Inabaki.

Kutupa ndiko kugumu.
Mwaka jana niliuza kilo tatu na nusu
kwa Mama Nabintu wa karanga, pale Kadutu,
nikajiona mwanamke mwenye nyumba.
Wiki haijaisha, Bisimwa akaja anatafuna,
akakunjua kifuko, akasoma, taya zikasimama:
imla yake mwenyewe, wino wangu mwekundu,
*Makosa kumi na moja. Rudia.*
"Mama," akasema, "sasa soko lote linajua."
Tangu siku ile natunza au nachoma.
Siuzi.

Fardi nyekundu ni ya Ashuza:
cheti cha kuzaliwa, chanjo, ubatizo,
picha mbili, moja amefumba macho.
Ya kijani ni ya Bisimwa, na ile imla imo,
bado inanuka karanga.
Ya tatu nimeikata kwenye mfuko wa saruji,
nikaishona kwa uzi wa gunia.
Hiyo ni ya Nsimire, mtoto wa dada yangu,
aliyefika kutoka Bunyakiri mwezi wa nne
na sufuria kichwani, bila karatasi hata moja.

"Ulizaliwa lini?" Biki mkononi.
"Mama alisema walikuwa wanang'oa maharage."
Maharage yapi? Kule yanang'olewa mara mbili kwa mwaka.
Nikaandika *maharage*. Nikakata.
Nikaandika tena, safari hii kwa penseli.

Amekaa ukingoni mwa kitanda,
anatazama fardi za wenzake zinavyovimba.
Kisha akavuta kipande cha kaye, akainama,
ulimi nje, akaandika jina lake mara nne.
Mara ya kwanza herufi S imetazama nyuma
kama mtu aliyeitwa njiani.
Ya pili imelala. Ya tatu nusu nusu.
Ya nne imenyooka kabisa,
nami nikaishika hiyo, mwalimu nikafurahi, nikasema:
"Hii ndiyo ya kutunza."

Akatikisa kichwa.
Akachana ile ya kwanza, polepole, kwa kufuata mstari,
akaitia mwenyewe ndani ya saruji.
"Hii ndiyo ya kuzaliwa," akasema.

Sikuwa na wino mwekundu kwa jambo hilo.

Sasa mvua imeamua.
Tone la kwanza limeangukia Kifaransa.
Watoto wanakimbiza beseni, mimi nakimbiza fardi:
zote tatu ndani ya mfuko wa plastiki,
mfuko ndani ya sufuria ya Nsimire,
maana ndiyo pekee yenye kifuniko kinachobana.
Kwa hiyo leo hakuna ugali.
Tutachoma viazi.